Watoto Wetu wa Kambini Wafundishwe Kula Mboga na Matunda

Hivi karibuni tulialikwa chakula cha jioni nyumbani kwa koplo mmoja wa polisi, katika kambi isiyo mbali na Kampala. Chakula kilikuwa kile ambacho kila askari wa Uganda anakifahamu tangu siku yake ya kwanza ya mafunzo, yaani posho na maharage. Kando yake mke wa koplo alikuwa ameandaa bakuli la dodo iliyopikwa kwa kitunguu na nyanya. (Kwa wenzetu wa pwani dodo ni aina ya embe, hapa Uganda ni lile jani ambalo wao huliita mchicha.) Watoto watatu walikuwa wameketi mkekani. Mama akawapakulia, wawili wakaanza kula. Wa tatu, mvulana wa miaka kama mitano hivi, akaisukuma mboga yake hadi ukingoni mwa sahani kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Mama akamkaripia. Mvulana hakujibu neno. Aliinua macho tu na kuitazama sahani ya baba yake. Nasi tukaitazama. Ukingoni mwa sahani ya koplo palikuwa na kilima kidogo cha dodo, kimesukumwa vile vile.

Koplo akacheka, nasi tukacheka. Mama hakucheka.

Tangu jioni ile tumekuwa tukilifikiri jambo hilo, na tumeona yafaa tuwaandikie ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, ambao wengi wao ni wazazi. Mara nyingi husemwa kwamba kazi ya kumlisha mtoto ni ya mama, na kwamba kazi ya baba ni kuleta fedha nyumbani. Huenda fedha ikaja, na mboga ikanunuliwa, na ikapikwa vizuri, na hata hivyo mtoto asiile. Hapo ndipo kazi ya baba inapoanza, na ndipo wengi wetu tunapotoroka zamu.

Kwanza tueleze ukubwa wa jambo lenyewe. Uchunguzi wa afya ya wananchi uliofanywa Uganda mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, 29 walikuwa wamedumaa, maana yake kimo chao kilikuwa kifupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika watoto wa miezi 6 hadi 59, zaidi ya nusu, yaani 53 katika kila 100, walikuwa na upungufu wa damu. Hatusemi kwamba yote hayo yametokana na kukosa mboga. Malaria ina sehemu yake, minyoo ina sehemu yake, na maji machafu pia. Lakini chakula cha namna moja siku zote ni adui aliyemo ndani ya nyumba, na adui wa ndani hahitaji kuvuka mpaka.

Mtu anaweza kuuliza: kwani posho na maharage vina kasoro gani, ikiwa ndivyo vilivyotulea sisi? Kasoro si kwamba ni chakula kibaya. Posho hutia nguvu, na maharage yana protini na madini ya chuma. Lakini mahindi meupe karibu hayana vitamini A kabisa, na wala posho wala maharage makavu hayampi mtoto vitamini C ya kumtosha. Vitamini A ndiyo inayolinda macho na kuusaidia mwili kupigana na maradhi. Mtoto aliyepungukiwa nayo huanza kupapasa jua linapotua. Hujikwaa kwenye kizingiti ambacho mchana alikiruka. Askari aliyewahi kulinda lindo usiku hana haja ya kuelezwa thamani ya macho yanayoona gizani. Ndiyo sababu wahudumu wa afya wamekuwa wakiwapa watoto wadogo matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na katika Uganda miezi iliyotengwa kwa shughuli hiyo ni Aprili na Oktoba. Matone hayo ni msaada mkubwa, lakini kati ya Aprili na Oktoba mtoto hula kila siku. Dodo, majani ya kunde, sukuma wiki, papai, embe na boga la rangi ya njano ndivyo vinavyoijaza miezi iliyobaki.

Na kiasi gani kinatosha? Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale mboga na matunda yasiyopungua gramu 250 kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10, kama mtu mzima, gramu 400. Hatumwambii mtu akanunue mizani. Kipimo chepesi ni kiganja cha mtoto mwenyewe. Kinachojaa kiganja chake ni fungu moja, na kwa siku nzima apate mafungu kama matano, ya mboga na matunda pamoja. Kiganja cha mtoto mdogo ni kidogo, na fungu lake ni dogo. Mzazi anayemrundikia mtoto wa miaka mitatu mlima wa sukuma wiki anampa sababu ya kukataa kabla hata hajaonja.

Turudi kwenye ule ukingo wa sahani. Neno posho lenyewe lina historia ambayo askari wapaswa kuijua. Katika Kiswahili, posho ni mgawo wa chakula anaopewa mtu kwa kazi yake. Katika siku za ukoloni, askari wa King's African Rifles na vibarua wa mashamba walipewa unga wa mahindi kama mgawo, na hapa Uganda jina la mgawo likawa ndilo jina la chakula chenyewe. Hata leo Mganda asiyejua neno jingine la Kiswahili anajua posho. Basi chakula hiki kilitufikia kama sehemu ya kazi ya jeshi, nacho kikaja na heshima yake. Nyama nayo ilipewa heshima kubwa zaidi. Mboga za majani hazikupewa cheo chochote. Zikabaki chakula cha nyumbani kijijini, cha akina mama, cha siku ambayo hakuna fedha. Tumewasikia askari wakisema waziwazi, tena mbele ya watoto, kwamba mwanamume hawezi kushiba majani kama mbuzi. Maneno hayo husemwa kwa mzaha, lakini mtoto wa miaka mitano hajui mzaha. Anachosikia ni kwamba baba, ambaye ana sare na buti na ambaye wakubwa na wadogo humpigia saluti, hali majani. Naye anataka kuwa kama baba.

Ndugu wasomaji wataturuhusu hapa tusimulie habari mbili za kale za mabaharia, kwa kuwa zote mbili zinahusu watu waliokuwa chini ya amri kama ninyi.

Ya kwanza ni ya mwaka 1747. Katika siku hizo mabaharia wa safari ndefu waliuawa na kiseyeye kuliko walivyouawa na mizinga. Ufizi ulivimba na kutoka damu, meno yakalegea, vidonda vya zamani vikafunguka upya. Daktari mmoja wa manowari ya Uingereza iitwayo Salisbury, jina lake James Lind, aliwachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, akawapa wote chakula cha aina moja, isipokuwa kila jozi ilipewa dawa yake. Wengine walipewa siki, wengine hata maji ya bahari. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini kufikia hapo mmoja wao alikuwa amekwisha kufaa kurudi kazini, na mwenzake akawekwa kuwauguza waliobaki. Pamoja na ushahidi huo, ilipita karibu miaka hamsini, hadi 1795, ndipo wakuu wa jeshi la majini wakaamuru maji ya limau yatolewe kwa mabaharia wao. Nusu karne nzima walikuwa na dawa mkononi na watu wakafa. Twaitaja habari hii kwa kuwa nasi tuna dodo nyuma ya nyumba.

Ya pili twaipenda zaidi. Mwaka 1768 James Cook, wakati huo akiwa na cheo cha luteni, aliondoka Uingereza na merikebu iitwayo Endeavour kuelekea bahari ya kusini. Cook alikuwa amedhamiria kwamba watu wake wasishikwe na kiseyeye, naye alikuwa mkali kuhusu chakula. Walipotia nanga Madeira, mwezi wa Septemba, baharia mmoja na askari mmoja wa majini walikataa mgawo wao wa nyama mbichi ya ng'ombe. Kila mmoja alichapwa viboko kumi na viwili. Lakini kulikuwa na chakula kingine ambacho mabaharia hawakukitaka kabisa, nacho ni kabeji iliyokatwakatwa na kuchachushwa kwa chumvi, yenye ukali mdomoni na harufu yake. Safari hii Cook hakutoa viboko. Aliagiza kabeji ile iandaliwe kila siku katika meza ya maofisa, na maofisa wote pasipo kubagua wakaruhusiwa kuila. Mabaharia wakaachiwa wenyewe waile wakitaka au waiache. Haikupita wiki moja, ikambidi aweke kipimo cha mgawo, kwa maana wote walikuwa wakiitaka. Yeye mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba hiyo ndiyo tabia ya mabaharia: wakiona wakubwa wao wanakithamini kitu, kitu hicho hugeuka kuwa bora kuliko vyote duniani.

Mabaharia wale walikuwa watu wazima, wenye ndevu, waliozoea dhoruba. Ikiwa wao walifuata sahani ya ofisa, mtoto wa miaka mitano atafuata nini?

Wataalamu wa siku zetu wamelichunguza jambo hilo kwa watoto. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Leann Birch, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake katika shule ya watoto wadogo. Mtoto asiyependa mboga fulani aliketishwa mezani pamoja na wenzake wanaoipenda, bila kulazimishwa. Katika siku chache tu watoto wengi walianza kuichagua mboga ile wenyewe. Katika uchunguzi mwingine uliotangazwa 1984, watoto waliopewa zawadi ili wanywe kinywaji fulani cha maziwa walikuja kukipenda pungufu kuliko walivyokipenda mwanzo. Hilo la pili litawashangaza wazazi wengi, maana katika nyumba zetu hakuna ahadi inayosikika zaidi ya hii: "Maliza mboga nikupe soda." Mtoto ana akili. Anajua kwamba watu hawalipwi kwa kufanya jambo la kupendeza. Kwa ahadi ile mzazi amemwambia kwa kinywa chake kwamba mboga ni adhabu na soda ni nishani.

Na amri je? Tunajua kwamba kwa askari amri ni jambo la kawaida, na nyumba nyingi za kambini huendeshwa kwa sauti ile ile ya uwanja wa paredi. Mtoto aweza kuamriwa aoge, naye ataoga. Aweza kuamriwa alale, naye angalau atafumba macho. Lakini amri ya kumeza ina upungufu wake, kwa sababu koo ni la mtoto. Atameza mbele yako kwa machozi, na kesho harufu ya mboga ile itamkumbusha machozi. Njia iliyo bora ni ya polepole. Mtoto mdogo, hasa kati ya miaka 2 na 6, kwa maumbile yake hukiogopa chakula kigeni, na pengine atahitaji kukionja mara nane, kumi, au hata kumi na tano kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu na kusema, "Huyu wangu hapendi mboga," nayo ikawa hukumu isiyo na rufaa. Mtoto awekewe kidogo, aone wengine wakila, aguse, alambe, akitema asichapwe, na keshokutwa awekewe tena.

Kuna shida moja ambayo ni ya askari kuliko raia, nayo ni kwamba baba mara nyingi hayupo. Tangu mwaka 2007 maelfu ya askari wa Uganda wamekwenda kulinda amani Somalia, na wengine wako katika operesheni za mbali na nyumbani. Mama hubaki na watoto kambini. Baba anaporudi, akiwa na fedha mkononi na majuto moyoni kwa muda aliokuwa mbali, hununua vitu vitamu: biskuti, peremende, soda za chupa kubwa. Hatumlaumu. Sisi pia tumerudi nyumbani na mifuko kama hiyo. Lakini tumezungumza na akina mama kadhaa, na karibu wote walitueleza habari moja: wiki mbili baada ya baba kuondoka huwa ni wiki za vita, watoto wakilia kwamba mama hawapendi kama baba, kwa kuwa mama analeta papai. Mama mmoja, mke wa sajini, alituambia kwamba alimweleza mumewe katika simu, "Baba watoto, ukija safari hii lete nanasi." Mume alidhani mkewe anatania. Alipokuwa akitoka Kampala akasimama njiani, akanunua mananasi manne. Watoto waliyapokea kwa shangwe ile ile waliyozoea kupokea soda, kwa maana shangwe ilikuwa ya baba. Hata simu yaweza kutumika. Baba anayemuuliza mtoto kila jioni "umesoma nini?" aweza pia kumwuliza "leo umekula mboga gani?" na kumsikiliza anapojibu.

Upande mwingine, kambi ina utajiri ambao kijiji hakina. Katika safu moja ya nyumba hukaa Mwacholi, Mnyankole, Mganda, Mteso na Mlugbara, na kila mama amekuja na mboga za kwao. Mwacholi ana malakwang, mboga chachu inayopikwa kwa karanga za kusaga, ambayo mtu akiizoea huiota usiku. Ana boo, yaani majani ya kunde. Na ana akeyo. Hiyo akeyo ndiyo jobyo ya Waganda, na ndiyo eshogi ya Wanyankole, na ndiyo mgagani wa Waswahili. Jani ni lile lile, majina ni manne. Waganda nao wana nakati, ambayo katika soko lolote la Kampala hufungwa vifungu na kunyunyiziwa maji isinyauke, wana bbuga na wana entula. Watoto wa kambini hawajali mipaka ya makabila. Huingia nyumba hii na kutokea ile. Mtoto aliyekataa dodo kwa mama yake aweza kuila malakwang kwa jirani, kwa kuwa rafiki yake anaila, kama wale watoto wa Marekani. Mama asione haya wala wivu. Amwulize jirani inavyopikwa.

Tukiwa katika upishi, tutaje mambo machache ambayo mara nyingi hukosewa. Mboga za majani zisichemshwe hadi zikawa rangi ya kaki na maji yake yakamwagwa, kwani sehemu ya vitamini huondoka na maji hayo. Na tukubali kwamba mboga ya namna hiyo hata mtu mzima haipendi. Mafuta kidogo, au karanga, au ufuta, huongeza ladha na pia huusaidia mwili kuichukua vitamini A. Limau au chungwa pamoja na chakula huusaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyo katika maharage na majani, wakati chai huyazuia. Kwa hiyo ile desturi ya kumpa mtoto kikombe cha chai pamoja na maharage yafaa iachwe, chai ingoje. Nyanya zenye unga mweupe wa dawa ya shambani zioshwe vizuri kwa maji safi. Mboga zilizoota kandokando ya mitaro ya maji machafu zisichumwe, hata kama zimestawi namna gani. Mtoto mdogo asiachiwe fenesi na mbegu zake bila kuangaliwa, maana zinaweza kumkaba.

Mafundisho ya namna hii si mageni Uganda. Katika miaka ya 1960 hospitali ya Mulago ilianzisha kituo cha Mwanamugimu kwa watoto waliodhoofika kwa utapiamlo. Jina limetoka katika methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye siha hutokana na ubeleko, maana yake hutokana na malezi tangu mgongoni mwa mama. Katika kituo hicho mama hakukaa akisubiri dawa. Alifundishwa kupika kitobero, chakula cha mchanganyiko: ndizi au viazi, pamoja na maharage, karanga au samaki, pamoja na mboga za majani, vyote vikipikwa pamoja. Mama aliona kwa macho yake mwanawe aliyekuwa amevimba miguu akianza tena kucheza, tena kwa vyakula ambavyo angeweza kuvipata kijijini kwake. Hakuna hotuba inayoweza kushinda somo kama hilo. Na mwaka 2016 mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Yeye na wenziwe Maria Andrade na Jan Low waliheshimiwa kwa kazi ya kueneza viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani, ambavyo vina vitamini A kwa wingi. Viazi hivyo ni rafiki wa mzazi, kwani rangi yake huwavutia watoto na utamu wake hauhitaji kutetewa.

Sasa kuhusu bustani. Wengi hutuambia, "Kambini hatuna shamba." Gunia moja tupu la unga wa posho latosha kuanzia. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke hadi chini, na ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia miche. Juu ya gunia na ubavuni mwake hupandwa sukuma wiki, dodo na vitunguu. Maji yaliyooshea mboga hutosha kulinyweshea. Dodo huanza kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, muda ambao hata mtoto mwenye papara aweza kuungoja. Na mtoto apewe gunia lake, au angalau upande wake wa gunia. Tumeona mara nyingi kwamba mtoto aliyepanda mbegu, akamwagia maji na kufukuza kuku, huila mboga ile kwa fahari, na hukasirika ikiwa mwingine ameichuma kabla yake.

Juu ya miti ya matunda tunasikia udhuru mwingine: "Nipande mwembe wa nini, na mwakani nitahamishwa?" Ni kweli mwembe uliounganishwa huchukua miaka kama mitatu au minne kuzaa. Lakini katika kambi ile ya koplo upo mwembe mkubwa ambao watoto wote huupanda na kuushambulia kwa mawe msimu ukifika. Tuliuliza nani aliupanda. Hakuna aliyejua. Askari fulani aliyehamishwa zamani. Asiyetaka kungoja apande papai, ambalo huzaa kwa muda wa mwaka mmoja au chini yake. Na tukumbuke kwamba tangu mwaka 2013, katika Operesheni ya Kuzalisha Mali, maofisa wa jeshi walipewa kazi ya kuwafikishia wakulima miche, na miongoni mwake ilikuwamo ya miembe na michungwa. Ingekuwa ajabu kama mikono iliyogawa miche hiyo nchi nzima isingekuwa na hata mche mmoja nyuma ya nyumba zao.

Wiki sita baada ya jioni ile tulipita tena kwa koplo. Hatukuwa tumemwambia kwamba tutaandika. Nje ya mlango kulikuwa na magunia mawili, moja limeinama kidogo kama mtu aliyechoka kusimama paredi, na kuku mmoja alikuwa amefungwa mguu kwa kosa ambalo hatukuhitaji kuelezwa. Chakula kilikuwa kile kile. Koplo alichukua tonge la posho, akachovya katika maharage, akaokota dodo juu yake, akala, akaendelea na mazungumzo yake kuhusu uhamisho. Hakumtazama mtoto wala hakusema lolote kuhusu mboga. Mkewe alituambia baadaye kwamba wiki ya kwanza alikuwa akila huku amekunja uso, ikabidi amwonye faraghani kwamba uso nao huonekana.

Mvulana alikuwa bado na kilima chake ukingoni. Alikitazama, akamtazama baba yake, akachukua jani moja, akalitafuna kwa muda mrefu sana, akalimeza. Kisha akachukua la pili. Akanywa maji, akafuta mikono katika kaptura yake, akatoka nje kwenda kulichungulia gunia lake kabla giza halijaingia.